Nimeona mshairi akikalishwa kitini Wales mpaka machozi yakanitoka, mwenye kuelewa mambo ya Eisteddfod anieleweshe

Msafiri_wa_Ruaha:

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nina jambo limenikaa rohoni tangu Agosti 2024 na sijapata mtu wa kunifungulia vizuri, nikaona humu hakukosekani mjuzi.

Niko huku Wales mwaka wa nne sasa, nahudumia wazee. Kuna mama mmoja tunaingia naye zamu, mwenyeji wa mabonde ya huku kusini, Kiwelisi kasoma tangu chekechea na wajukuu zake anaongea nao hicho hicho. Nilishawahi kumwambia babu yangu alikuwa malenga, anaghani kwenye harusi mpaka vijiji vya jirani wanakuja kumchukua, basi akalishika hilo neno. Siku moja ananiambia Ijumaa wote tuko mapumziko, nakupeleka Pontypridd ukaone watu wa aina ya babu yako.

Sasa hiyo Eisteddfod ni sherehe ya wiki nzima kila mwanzo wa Agosti, mwaka huu kaskazini mwaka ujao kusini, na mambo yote ni kwa Kiwelisi. Jina lenyewe wanatamka aistedhvod, hiyo dd yao ni dh yetu ya dhahabu kwa hiyo Mswahili hapati tabu. Mwaka ule ilikuwa kwenye bustani kando ya mto Taff, katikati kabisa ya mji, na ndani ya bustani hiyo hiyo kuna mnara wa kumbukumbu wa baba na mwanawe, Evan James na James James, waliotunga wimbo wa taifa wa Wales mwaka 1856 pale pale Pontypridd. Mama ananitafsiria, nasikia wimbo wa taifa unaisifu nchi kuwa ni ya washairi na waimbaji na unamalizia kwa kuomba lugha idumu. Wimbo wa taifa huo jamani.

Tukaingia ukumbini, sisi tusiojua lugha tukapewa vile vya kuvaa masikioni tumsikie mkalimani. Jaji anasoma tathmini, anawataja washairi kwa majina ya kujibandika maana hakuna anayetakiwa kujua nani ni nani, huyu kateleza hapa, huyu mstari wake umelegea pale, anachambua kweli kweli na watu wametulia tuli wanasikiliza kama wanasikiliza wosia. Halafu taa zikazimwa. Mama mkuu wa washairi wao, wanamwita Archdruid, akasema tarumbeta ikilia basi mwenye jina fulani, yeye na si mwingine, asimame. Tarumbeta ikalia. Giza, taa inazunguka juu ya vichwa inatafuta, kila mtu kageuza shingo, moyo unanidunda utadhani mimi ndiye niliyetunga. Mara kijana mmoja huko katikati ya watu kasimama, mwanga ukamwangukia, ukumbi ukalipuka makofi. Wakamfuata, wakamvika joho la zambarau, wakamleta taratibu mpaka jukwaani mbele ya kiti kikubwa cha mbao cha kuchonga. Upanga mkubwa ukachomolewa nusu, yule mama akauliza A oes heddwch, yaani je, kuna amani? Ukumbi mzima HEDDWCH! Mara tatu hivyo hivyo. Ndipo upanga ukarudi alani na mshairi akakaa.

Mimi machozi yalinitoka, nilimkumbuka babu. Alikufa na mashairi yake kichwani, hakuna aliyeyaandika.

Sasa maswali yangu, kwa nini kiti? Na hizo sheria za utunzi zikoje, maana yule mama alijitahidi kunieleza tukiwa kwenye treni akaniambia eti konsonanti zinaitikiana, sikumwelewa. Na kubwa zaidi, hawa watu Kiingereza kiko nao mlango kwa mlango, wamewezaje kubaki na ushairi wao unaojaza ukumbi hivi?

Mwalimu_wa_Mizani:

Ndugu yangu Msafiri umenikumbusha mbali, mimi nilisoma miaka miwili Aberystwyth kabla ya kurudi Kilifi kufundisha, na kitu kilichonifanya nijifunze kidogo Kiwelisi ni hicho hicho. Ngoja nikujibu hilo la konsonanti maana ndilo lenye utamu.

Wanaita cynghanedd, tamka kang-ha-nedh, dh tena hapo mwisho. Sisi tunahesabu mizani na tunalinganisha vina, cha kati na cha mwisho, basi shairi limekaa. Wao mizani wanahesabu, vina wanavyo, halafu juu yake wanaweka konsonanti. Mstari unagawanyika, na konsonanti za upande wa kwanza lazima zijirudie upande wa pili kwa mpangilio ule ule, irabu ndizo zinazobadilika. Nilikaa usiku mzima chumbani kwangu kule najaribu kwa Kiswahili nikapata huu mmoja:

Kalamu hii, kilimo hai.

Toa irabu zote uone kinachobaki. K, l, m, h, halafu tena k, l, m, h. Na maana isikimbie, hapo ndipo kazi ilipo, ukiweza kupanga herufi halafu mstari hauna maana umeshindwa. Hiyo ni aina moja, ziko nne, nyingine inaruhusu konsonanti kadhaa katikati zisiitikiwe, nyingine inachanganya kina cha ndani na konsonanti, nyingine ni kina tu, neno la katikati linafungana na silabi ya pili kutoka mwisho. Na mambo ya mkazo sijayagusa, hayo yalinitoa jasho. Kisha kuna bahari zao 24 za mapokeo, moja fupi na maarufu sana inaitwa englyn, mistari minne, mizani 10, 6, 7 na 7, jumla 30, kina kimoja. Watu wanaichonga kwenye mawe ya makaburi, wanaandikiana kwenye kadi za harusi, mkulima anatunga akiwa juu ya trekta.

Sasa kiti. Kiti ni cha shairi refu la arudhi, lenye cynghanedd kila mstari. Lakini wiki hiyo hiyo, siku za mwanzo, kuna zawadi nyingine, Taji, na hiyo ni ya mashairi yasiyofungwa na cynghanedd. Nilipolijua hili nilikaa chini. Wadau mnakumbuka sisi miaka ya 70 wanamapokeo na wanausasa walivyopigana vitabuni na magazetini, huyu anasema shairi bila vina si shairi, yule anasema vina ni pingu, na mpaka leo ukienda vyuoni wanafunzi bado wanaandikia insha ugomvi ule. Wawelisi wao wakatengeneza zawadi mbili zenye heshima, hakuna aliyefukuzwa nyumbani.

Na yule Archdruid uliyemwona ni Mererid Hopwood. Mwaka 2001 alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda Kiti tangu mashindano haya ya taifa yaanze karne ya 19. Kwa hiyo uliona historia mbili kwa pamoja ndugu yangu, bila kujua.

Bint_Mwambao:

Mwalimu shukrani, mimi naongezea la kiti maana kuna kimoja kinaniliza kila nikikisoma.

Mwaka 1917 vita vikubwa vinaendelea, Eisteddfod ikafanyika Birkenhead, upande wa Uingereza karibu na Liverpool. Tarumbeta ikalia, jina la kujibandika likaitwa, hakuna aliyesimama. Likaitwa tena. Hakuna. Kumbe aliyeshinda ni Hedd Wyn, mchunga kondoo wa Trawsfynydd, jina lake la kuzaliwa Ellis Humphrey Evans, ameuawa vitani Ubelgiji tarehe 31 Julai, wiki kadhaa tu kabla. Wakakifunika kiti kitambaa cheusi pale jukwaani. Mpaka leo kinaitwa kiti cheusi, na kiko nyumbani kwao, Yr Ysgwrn, nyumba ya shamba ambayo sasa ni makumbusho, watu wanaenda kukiangalia. Na aliyekichonga alikuwa fundi Mbelgiji aliyekimbia vita, Eugeen Vanfleteren. Mkimbizi wa Kibelgiji anachonga kiti cha mshairi aliyekufa Ubelgiji.

Hedd na heddwch ni amani hiyo hiyo. Sasa fikiria, kila mwaka ukumbi mzima unaulizwa je, kuna amani. Mimi nikiisikia simfikirii mwingine ila yeye.

Msafiri, jambo jingine, yale majoho na upanga watu wengi wanadhani ni ya maelfu ya miaka. Mashindano ya washairi kweli ni ya kale, kuna la Cardigan mwaka 1176. Lakini Gorsedd, lile baraza la majoho, lilianzishwa na mwashi mmoja mshairi, Iolo Morganwg, mwaka 1792 kwenye kilima kimoja London. Mengi aliyatunga mwenyewe na kudai ni ya mababu. Mwanzo nilichukia nilipojua, nikaona ni uongo. Sasa hivi sichukii tena, watu wameyaishi zaidi ya miaka 200, yamekuwa yao.

Kipanga_254:

Wadau naona tunapamba sana. Mimi ninaipenda hii habari lakini tuseme ukweli wote. Sensa ya 2011 waliosema wanajua Kiwelisi walikuwa asilimia 19, ya 2021 wakashuka mpaka 17.8, watu kama 538,000. Serikali yao inataka wafike milioni moja ifikapo 2050. Na sanaa huko pesa inabanwa vibaya, National Theatre Wales, kampuni ya maigizo, ilinyimwa ruzuku na baraza la sanaa 2023, mwisho wa 2024 ikafunga shughuli, Michael Sheen yule mwigizaji ndiye akajitokeza kuanzisha kampuni mpya ya maigizo ya taifa. Ile iliyofungwa ilikuwa ikiigiza zaidi kwa Kiingereza, ya Kiwelisi ni nyingine na ipo, lakini ujumbe kwa wasanii ni ule ule, ruzuku ikikatwa umekwisha. Kwa hiyo ukumbi kujaa siku moja Agosti si kwamba kila kitu kiko salama.

Ila kuna kitu kinanifanya niwaheshimu. Karne ya 19 shule nyingi za Wales mtoto akiongea Kiwelisi anavishwa kibao shingoni, Welsh Not, anakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akiongea amhamishie, na wa mwisho kukutwa nacho anachapwa. Niliposoma hivyo nilifunga kitabu. Mimi darasa la nne, shule ya huku Magharibi mwa Kenya, nilivaa kitu hicho hicho, tuliita disiki, kimfupa kimefungwa kwa kamba, kinanuka jasho la watoto wote waliokivaa kabla yangu. Nilikipata kwa sababu nilimwambia rafiki yangu kwa lugha ya mama kwamba ameangusha kalamu. Nikachapwa jioni, na nikirudi nyumbani nikawa namjibu nyanya kwa Kiingereza naye hajui Kiingereza. Sasa hawa wenzetu kibao kile kiliwavalisha aibu vizazi na vizazi na bado mjukuu wa waliochapwa anasimama gizani anamulikwa taa kwa kutunga lugha ile ile. Hilo silichukulii poa hata kidogo.

Fundi_Taa:

Salamu kutoka Cardiff. Mimi niko kwenye taa, kazi za tivii na filamu, na naona swali la Msafiri la wamewezaje jibu lake kubwa liko kwenye tivii na redio, mashairi peke yake yasingetosha.

Chaneli yao S4C ilianza tarehe 1 Novemba 1982 na haikuja kwa hisani. Serikali ya Thatcher iliahidi chaneli ya Kiwelisi kisha ikageuka, watu wakagoma kulipia leseni ya tivii, wengine wakaenda jela, na mwaka 1980 mwanasiasa mmoja mzee wa heshima, Gwynfor Evans, akasema nitagoma kula mpaka kufa kama ahadi haitatimizwa. Mfungo ulikuwa uanze Oktoba, Septemba serikali ikarudi kwenye ahadi. Mtu alikuwa tayari kufa kwa ajili ya chaneli ya tivii, na nikiwa kazini nikiona nembo yao huwa nakumbuka.

Sasa kazi zenyewe. Doctor Who, ile tamthilia ya tivii, iliporudi hewani 2005 ilitengenezwa hapa Cardiff, na hiyo ndiyo iliyoleta mafundi na studio na wengine wakafuata, mimi mwenyewe nimepata ugali kwa njia hiyo. Lakini kazi nyingi kubwa zinakuja Wales kwa sababu ya milima na studio na bei, hadithi si ya hapa, hata jina la mji wa hapa hulisikii. Ndiyo maana mimi nazipenda zile zinazopigwa mara mbili. Ile ya polisi ya Aberystwyth iliyotoka 2013, Y Gwyll kwa Kiwelisi, Hinterland kwa Kiingereza, kila onyesho walirekodi kwa lugha zote mbili, na tamthilia nyingine zikafuata mtindo huo. Mimi nimefanya moja ya namna hiyo. Usiku, mvua ya kweli si ya mabomba, mwigizaji anapewa habari kwamba mtoto wake amepatikana amekufa. Analia kwa Kiwelisi. Kimya, mpaka mtu wa sauti alikuwa ameinamisha kichwa. Kata. Wanamfuta uso, wanamrekebisha vipodozi, mimi nasogeza taa nusu hatua maana kivuli kilinishinda, halafu analia tena kwa Kiingereza. Maneno yale yale, machozi mengine. Nikamuuliza baadaye ipi ilikuwa rahisi, akanijibu ya Kiingereza alikuwa anaigiza, ya Kiwelisi alikuwa anamsikia mama yake.

Kipanga kuhusu pesa uko sahihi. Sisi tunaishi kwa mikataba ya wiki sita, wiki nane, kuna kampuni moja imenilipa baada ya miezi mitatu na kodi ya nyumba hainisubiri. Ila kazi ya lugha mbili inalisha mafundi wa miji midogo pia.

Nassra_Butetown:

Jamani mimi naomba tuulize pia, lugha hii ni ya nani? Niko Cardiff, Butetown, mtaa wa zamani wa mabaharia, Wasomali wako hapa tangu zama za meli za makaa ya mawe, watu wa kila rangi wamezaana na kukua hapa. Miaka mingi ukisema sanaa ya Kiwelisi picha inayokuja ni ya mzungu wa kijijini na kinubi.

Inabadilika. Mshairi wa taifa aliyeteuliwa 2022 alikuwa Hanan Issa, Mwelisi mwenye asili ya Iraki, Muislamu. Kile chama cha kupigania lugha, Cymdeithas yr Iaith, mwaka 2023 kilimchagua mwenyekiti Joseph Gnagbo, amekuja hapa kutoka Ivory Coast akiomba hifadhi, akajifunza Kiwelisi. Na kuna rapa anaitwa Sage Todz, familia ina asili ya Nigeria, kakulia Penygroes kaskazini kwenye kitovu cha Kiwelisi, anapiga drili, ile rap ya mitaani, anachanganya lugha mbili kama vijana wanavyoongea barabarani.

Huyo ndiye aliyezua mjadala 2023. Alikuwa aimbe Eisteddfod, lakini sheria ya Kiwelisi pekee inashikiliwa tangu 1950, na nyimbo zake zina Kiingereza kingi kuliko wanavyoruhusu, akasema basi hatapanda. Wiki ile huku hatukulala. Mimi nilikasirika sana, nikaona mmempata kijana mweusi anayefanya rika lake waone lugha hii ni yao halafu mnamfungia mlango. Rafiki yangu mwalimu wa shule ya Kiwelisi akaniambia Nassra, mwaka mzima kila mlango ninaoingia ni Kiingereza, hospitali Kiingereza, duka Kiingereza, nina wiki moja tu, ukiingiza kidogo ndani ya wiki hiyo itakuwaje mwaka wa kumi? Nilinyamaza. Alikuwa karibu kulia.

Nimefikiria mpaka leo na msimamo wangu ni kwamba sheria ibaki, jukwaa hilo libaki la Kiwelisi, lakini basi na nguvu iwekwe huku Butetown watoto wetu wafundishwe kuimba na kutunga ndani ya lugha hiyo, siyo waletewe sheria tu. Binti yangu yuko shule ya Kiwelisi, ana miaka tisa, juzi kaja na mistari minne ya kwake mwenyewe kuhusu bandari. Anaisoma huku anahesabu kwa vidole.

Msafiri_wa_Ruaha:

Wakuu sijui niseme nini, nimesoma yote nikiwa kwenye basi nikapitiliza kituo. Nassra huyo binti mwambie asiache. Kipanga pole kwa disiki ndugu yangu.

Mwalimu, ile mbinu yako imenikosesha usingizi. Jana zamu ya usiku wazee wamelala nikachukua karatasi, nimehangaika kuanzia saa nane mpaka alfajiri nimepata mmoja tu, angalia kama unakubali:

Usiku wa leo, asaka wali.

Mwalimu_wa_Mizani:

S, k, w, l. S, k, w, l. Umeuweza! Na picha ipo, mtu ana njaa usiku anatafuta chakula, hukulazimisha maneno. Upande mmoja una mizani 6 na mwingine 5, kwetu ungerudishwa, lakini wao wanahesabu mstari mzima, na 11 ni mingi kwa bahari zao. Ondoa hiyo a ya mbele uone:

Usiku wa leo, saka wali.

Mizani 10, sawa na mstari wa kwanza wa englyn. Ilikuwa habari, sasa imekuwa amri. Na kama unataka kusikia watu wakifanya hivi kila mara usisubiri Agosti, tafuta Talwrn y Beirdd kwenye BBC Radio Cymru, ipo tangu 1979, timu za washairi, wengi wana kazi zao nyingine za siku zote, wanashindana na jaji anatoa alama kati ya 10 hapo hapo, nusu alama inagombewa kama penalti. Muombe mama wa zamu akutafsirie.

Msafiri_wa_Ruaha:

Nimemwonyesha leo asubuhi tukibadilishana zamu, nikamwandikia konsonanti chini ya mstari kama ulivyofanya. Kaziangalia, kazihesabu kwa kalamu, akanikumbatia pale pale koridoni. Kasema Jumapili niende kwake tusikilize hiyo redio, na nije na mashairi ya babu, hata kama ni beti mbili tatu ninazozikumbuka, tuziandike.